Herufi Zenye Alama katika Majina ya Faili: Kwa Nini Hupotea na Namna ya Kuzilinda

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza jambo linaloonekana kuwa dogo, nalo ni jina la faili katika kompyuta, hasa jina lililoandikwa kwa herufi kama é, ç, ɔ au ɛ́. Tumelichagua kwa sababu kazi ya idara za lugha imekwisha kuhamia katika kompyuta. Sauti tulizokuwa tukizinasa kwenye kaseti, msamiati tuliouandika kwenye kadi, tasnifu tulizozipiga kwa taipureta, vyote hivyo siku hizi ni faili, na faili haitafutwi ila kwa jina lake. Jina likiharibika, kazi ya miezi mingi yaweza kupotea ingawa diski ni nzima.

Tuanze na kisa kilichotupata sisi wenyewe. Mwanafunzi wetu mmoja wa lisansi alirekodi maneno ya Kilingala kutoka kwa mzee mmoja, mzaliwa wa Makanza, aliyekuwa amekuja Lubumbashi kuwatembelea wanawe. Mzee huyo alikuwa hazina kwetu, kwa kuwa alizitamka irabu zote saba kwa ukamilifu, ilhali wasemaji wengi wa Kinshasa hawatofautishi tena e na ɛ, wala o na ɔ. Mwanafunzi aliipa kila rekodi jina la neno lenyewe. Miongoni mwa rekodi hizo zilikuwemo hizi tatu: moto.wav, yaani mtu; motó.wav, yaani kichwa, na mɔ́tɔ.wav, yaani moto unaounguza. Flashi ilipelekwa kwenye ofisi moja ili rekodi zihamishiwe katika diski kubwa. Mtumishi wa hapo, kwa nia njema kabisa, alitumia programu ya kuondoa alama zote katika majina, kama alivyokuwa amefundishwa. Herufi ó ikawa o, na herufi ɔ nayo ikawa o. Majina matatu yakawa jina moja, moto.wav, na kila faili iliyofuata ilikalia mahali pa ile iliyotangulia. Tulipogundua, flashi ilikuwa imekwisha kufutwa kwa ajili ya kazi nyingine, na mzee alikuwa amekwisha kurudi kwao.

Wengi hutushauri hivi: msitumie alama katika majina ya faili, nanyi mtakuwa salama. Shauri hilo lina sababu zake, na tutazieleza. Hata hivyo usalama huo una bei, na bei hiyo hailipwi sawasawa na lugha zote. Kiingereza hakilipi chochote, Kiswahili hulipa kidogo, Kifaransa hulipa zaidi, na Kilingala hulipa kwa kupoteza maneno yenyewe. Tutaonyesha kwamba herufi hizi haziharibiki kwa sababu ni ngeni kwa kompyuta. Huharibika njiani, yaani pale faili inapotoka katika mashine inayosoma kwa jedwali moja na kuingia katika mashine inayosoma kwa jedwali jingine. Kwa hiyo dawa yake ni kuelewana juu ya jedwali, wala si kuzifuta herufi zetu.

2. Kompyuta huandikaje jina?

Kompyuta haijui herufi. Inajua namba tu. Tunapoandika jina la faili, kila herufi hugeuzwa kuwa namba kwa kufuata jedwali fulani, na namba hizo ndizo zinazohifadhiwa katika diski. Tunapolisoma jina hilo, kompyuta huzichukua zile namba na kuzigeuza tena kuwa herufi. Mwandishi na msomaji wakitumia jedwali moja, jina hurudi kama lilivyokuwa. Wakitumia majedwali mawili, namba hubaki zilezile lakini herufi hubadilika.

Jambo hili halitamshangaza mtu wa Kisangani. Walokele wa kando ya mto walikuwa wakipelekeana habari kwa ngoma ya mti, na ngoma hiyo ilitoa toni tu, ya juu na ya chini, bila konsonanti wala irabu. Mgeni aliyesimama kando ya mpiga ngoma alisikia mapigo yote, asikose hata moja, naye hakuambulia neno. Upungufu haukuwa katika mapigo, bali katika ufunguo ambao yeye hakuwa nao.

Jedwali la kwanza lililoenea sana ni ASCII, lililotolewa Marekani mwaka 1963. Lilikuwa na nafasi 128 tu, na lilipokamilishwa baadaye, 95 kati ya hizo zilikuwa za kuandikia: herufi 26 kubwa na 26 ndogo, tarakimu 10, nafasi tupu, na alama za uandishi. Herufi a ilipewa namba 97, herufi m namba 109. Herufi é haikupewa namba yoyote, wala ç, wala ɔ.

Kiswahili kilikuwa na bahati. Maandishi yake sanifu kwa herufi za Kilatini yanatumia herufi 24, bila q na x, na ritifaa moja katika ng'. Vyote hivyo vimo katika ASCII. Ndiyo maana mtu aandikaye Kiswahili peke yake aweza kuishi miaka mingi na kompyuta bila kuijua shida tunayoizungumzia. Lakini mwanachuo wa Kongo haishi katika Kiswahili peke yake. Tasnifu yake aghalabu huandikwa kwa Kifaransa. Katiba ya mwaka 2006 inazitaja lugha nne za taifa, Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Ciluba, pasipo kuzisahau lugha nyingine za nchi. Wanaisimu nao walikwisha kuzoea ɛ, ɔ na ŋ tangu zamani, kwa kuwa herufi hizo zilikuwemo katika alfabeti iliyopendekezwa na Taasisi ya Kimataifa ya Lugha na Tamaduni za Afrika ya London, ambayo toleo lake lililorekebishwa ni la mwaka 1930. Kwa hiyo alfabeti yetu ilitangulia kuwako miaka zaidi ya thelathini kabla ya jedwali la ASCII.

3. Majedwali mengi, jina moja

Wafaransa, Wajerumani na wengineo hawakuridhika na nafasi 128. Kwa kuwa baiti moja yaweza kubeba namba 256, kila mtengenezaji alizijaza nafasi 128 zilizobaki kwa kadiri alivyoona yeye. Kompyuta ya IBM ya mwaka 1981 ilikuja na jedwali linaloitwa 437, ambamo é ni namba 130. Kompyuta ya Macintosh iliipa é namba 142. Jedwali la kimataifa la ISO 8859-1, lililotolewa mwaka 1987, liliipa namba 233, na Windows katika nchi za Ulaya ya Magharibi ilifuata namba hiyohiyo.

Matokeo yake yalikuwa ya kuchekesha kwa wasiohusika. Jina mémoire lililoandikwa kwa ISO 8859-1 lilisomeka mΘmoire katika jedwali la 437, na mÈmoire katika Macintosh. Namba ni ileile, 233, wala hapana biti hata moja iliyoharibika. Mtu asiyejua hayo aliona jina geni, akadhani faili imepatwa na virusi, akaifuta.

Tuongeze kwamba katika MS-DOS jina halikuweza kuzidi herufi nane, na tatu nyingine baada ya nukta. Kikwazo hicho kiliondolewa na Windows NT mwaka 1993 kwa mfumo wake wa NTFS, na kwa watumiaji wa kawaida kiliondolewa na Windows 95 mwaka 1995. Majina yakaruhusiwa kufikia vipande 255. Lakini urefu ni jambo moja, na alfabeti ni jambo jingine. Katika majedwali yote matatu tuliyoyataja, hakuna hata moja lenye ɛ au ɔ. Wanaisimu wengi walijitafutia njia kwa fonti zilizochora ɔ mahali pa herufi nyingine. Ndani ya waraka ilionekana ɔ, lakini katika orodha ya majina ya faili, ambako mashine hutumia fonti yake yenyewe, ilijitokeza ile herufi nyingine. Faili za namna hiyo zingalipo katika makabati yetu, na kuzisoma leo kwahitaji mtu anayeikumbuka fonti iliyotumika.

4. Unicode na UTF-8

Suluhisho lilikuwa ni kutengeneza jedwali moja kwa ajili ya lugha zote. Toleo la kwanza la Unicode lilichapishwa mwaka 1991. Humo é imebaki na namba yake 233, ɔ ina namba 596, na ɛ ina namba 603. Ni namba za kudumu, hazibadiliki kutoka nchi hadi nchi wala kutoka mashine hadi mashine.

Ilibaki shida moja: namba 596 haienei katika baiti moja, kwani baiti huishia 255. Namna ya kuigawa katika baiti mbili au zaidi ilibuniwa mwezi Septemba 1992 na Ken Thompson pamoja na Rob Pike, waliokuwa wakitengeneza mfumo endeshi wa Plan 9. Namna hiyo ndiyo tunayoiita UTF-8. Msomaji wa makala haya atapenda kujua kwamba jina lake la awali lilikuwa FSS-UTF, na zile herufi tatu za mwanzo zilimaanisha kuwa ni salama kwa mfumo wa faili. Maana yake ni kwamba majina ya faili yalikuwa ndiyo sababu mojawapo ya kubuniwa kwake.

Usalama huo ni wa namna gani? Katika mifumo ya jamii ya Unix, jina la faili ni mfululizo wa baiti, na baiti mbili tu ndizo zilizokatazwa: namba 0, inayoonyesha mwisho wa jina, na namba 47, yaani mkwaju unaotenga folda na folda. Njia iliyotangulia ya kuigawa Unicode iliweza kutoa baiti 47 katikati ya herufi. Kompyuta ilipoikuta ilidhani kuwa folda imekwisha, ikalikata jina vipande. Katika UTF-8 hilo haliwezekani. Herufi zote za ASCII hubaki na baiti zao zilezile, na herufi nyingine zote huandikwa kwa baiti kuanzia 128 kwenda juu. Kwa hiyo ɔ ni baiti 201 na 148. Hakuna hata moja kati yake inayoweza kudhaniwa kuwa mkwaju.

Kutokana na hayo twaweza kulipima neno letu. Mɔ́tɔ kwa macho ni herufi nne. Katika Unicode ni namba tano, kwa sababu toni ya juu huhesabiwa peke yake. Katika UTF-8 ni baiti nane: m moja, ɔ mbili, toni mbili, t moja, ɔ mbili. Mfumo wa ext4 wa Linux huruhusu baiti 255 kwa kila jina, na hapo mtu atumiaye herufi zetu hufika ukomo mapema kuliko atumiaye ASCII peke yake. Hata hivyo hii si hasara kubwa, kwani jina la baiti 255 halina faida kwa mtu yeyote.

Basi ikiwa Unicode ipo tangu mwaka 1991, kwa nini majina bado yanaharibika? Ni kwa sababu njiani bado wapo wasomaji wa majedwali ya kale. Mfano ulio dhahiri ni kifurushi cha zip, kilichoanza mwaka 1989. Majina yaliyofungwa ndani yake yalihesabiwa kuwa ya jedwali la 437. Ni mwaka 2006 tu ndipo kanuni yake ilipoongezewa biti moja inayosema: majina haya ni ya UTF-8. Programu isiyoiwasha biti hiyo, au isiyoitazama, bado hurudi kwenye jedwali la kale. Katika UTF-8 é ni baiti 195 na 169. Msomaji wa jedwali la 437 huona ├⌐, na msomaji wa jedwali la Windows huona Ã©. Kwa hiyo msomaji wetu anapokuta jina kama m├⌐moire au mÃ©moire, asiifute faili. Jina hilo halijapotea. Limesomwa kwa ufunguo usio wake, na laweza kurudishwa.

Kuna hali moja tu ambamo jina halirudi, nayo ni pale programu inapobadilisha herufi isiyoijua kuwa kiulizo au kistari, au inapoifanya ifanane na jirani yake. Hapo namba ya asili imefutwa, na hilo ndilo lililotupata katika kisa chetu.

5. Herufi moja, sura mbili

Sasa tuingie katika jambo linalowasumbua hata wataalamu. Unicode inaruhusu herufi ó iandikwe kwa njia mbili. Ya kwanza ni sura iliyounganishwa: namba moja tu, 243. Ya pili ni sura iliyotengana: o, namba 111, ikifuatiwa na alama ya juu, namba 769. Kwa macho hakuna tofauti. Kwa kompyuta isiyofundishwa, hayo ni majina mawili.

Mifumo haikukubaliana katika jambo hili. Mfumo wa faili wa Macintosh uitwao HFS+, ulioanza mwaka 1998, uliyageuza majina yote kuwa katika sura iliyotengana, hata kama mtumiaji aliandika ile iliyounganishwa. Mfumo ulioufuata, APFS, uliowekwa katika Macintosh tangu mwaka 2017, huitunza sura aliyoiandika mtumiaji, lakini huzihesabu sura zote mbili kuwa jina moja. NTFS ya Windows, na ext4 ya Linux katika matumizi yake ya kawaida, hupokea sura yoyote na kuzihesabu kuwa majina mawili mbalimbali. Basi mtu akihamisha rekodi kutoka Macintosh ya zamani kwenda Windows, kisha akaongeza nakala aliyoiandika hukohuko Windows, ataona katika folda moja faili mbili ziitwazo motó.wav. Ataamini kuwa moja ni ziada, naye atafuta moja, labda ile iliyo bora.

Hapa mwanaisimu wa Afrika atakuta jambo la ajabu kidogo. Herufi ɔ́ na ɛ́ hazikupewa namba moja katika Unicode. Daima huandikwa kwa namba mbili, 596 na 769, au 603 na 769. Wengi wameliona hilo kuwa ni kudharauliwa. Lakini katika suala la majina ya faili, upungufu huo umegeuka kuwa kinga: herufi isiyo na sura iliyounganishwa haiwezi kugombana na nafsi yake. Mɔ́tɔ hupita kutoka Macintosh kwenda Linux bila kubadilika hata baiti moja, ilhali motó, ambayo Wazungu walikwisha kuiundia herufi yake, ndiyo inayogawanyika.

6. Kiswahili nacho hakikusalimika

Tulisema kwamba Kiswahili hulipa kidogo. Hatukusema kwamba hakilipi. Ritifaa ya ng' ni sehemu ya tahajia, wala si pambo. Ng'oa ni kutoa kitu kwa mizizi yake. Ngoa ni wivu au tamaa. Ukiiondoa ritifaa, ng'oa.wav na ngoa.wav zitakuwa faili moja, sawa na yaliyoyapata maneno yale ya Kilingala.

Isitoshe, Unicode ina alama tatu zinazofanana na ritifaa. Ya kwanza ni ile ya kibodi, namba 39. Ya pili ni ile iliyopinda, namba 8217, ambayo programu za kuandikia huiweka zenyewe badala ya ile ya kwanza. Ya tatu ni namba 700, inayohesabiwa kuwa herufi kamili na si alama ya uandishi. Mwanafunzi akiandika kichwa cha kazi yake, programu huipinda ritifaa, kisha wakati wa kuhifadhi humpendekezea maneno hayohayo yawe jina la faili. Baada ya mwezi mmoja anaitafuta kazi yake kwa kuandika ng'ombe kwenye kibodi, na programu inayolinganisha namba kwa namba inamjibu kuwa hakuna kitu. Faili ipo, na ritifaa ipo, lakini si ritifaa ileile.

Wanaisimu tunajiletea taabu nyingine kwa desturi za fani yetu. Windows hukataza alama tisa katika majina: \ / : * ? " < > |. Nasi tunapenda kuweka fonimu kati ya mikwaju, urefu wa irabu kwa nukta mbili, na mizizi ya Mame-Bantu kwa nyota, kama *-ntu. Linux itaikubali nyota hiyo katika jina, kisha Windows itakataa kuipokea faili. Kwa urefu wa irabu iko herufi yake halisi, ː, namba 720, ambayo haikukatazwa popote. Nyota na mikwaju hazina budi kubaki ndani ya waraka.

7. Mapendekezo

Kutokana na maelezo hayo tunapendekeza mambo sita kwa walimu na wanafunzi wanaokusanya data za lugha.

Kwanza, kila faili ianze na ishara ya pekee iliyoandikwa kwa ASCII, kisha lifuate neno kwa tahajia yake kamili: LIN-012_moto.wav, LIN-013_motó.wav, LIN-014_mɔ́tɔ.wav. Kwa njia hii, hata alama zikiondolewa zote, faili tatu zitabaki tatu. Namba hulinda idadi, na tahajia hulinda maana.

Pili, kila folda iwe na orodha yake katika faili ya maandishi matupu ya UTF-8, ikionyesha ishara, neno, maana, msemaji, mahali na tarehe. Majina yakiharibika, orodha itayarudisha. Orodha hiyo ichapishwe pia kwenye karatasi, kwani karatasi haina jedwali la kukosea.

Tatu, idara ichague sura moja ya herufi, na tunapendekeza ile iliyounganishwa, kwa kuwa ndiyo inayotolewa na kibodi nyingi. Katika Linux iko programu ya convmv, inayoweza kuyageuza majina ya folda nzima kutoka jedwali moja hadi jingine, au kutoka sura moja hadi nyingine. Ina adabu nzuri: isipoamriwa waziwazi, huonyesha tu itakayofanya bila kugusa kitu.

Nne, katika majina ya Kiswahili itumike ritifaa ya kibodi, namba 39, na jina lililopendekezwa na programu lisikubaliwe kabla ya kutazamwa. Anayefanya kazi kwa kuandika amri akumbuke kuliweka jina lenye ritifaa ndani ya alama za kunukuu, la sivyo mashine itaidhani ritifaa hiyo kuwa mwanzo wa nukuu.

Tano, faili zinapofungwa katika kifurushi, kifunguliwe kwanza katika mashine ya aina nyingine na majina yasomwe. Kifurushi cha 7z huhifadhi majina kwa Unicode. Zip yafaa pia iwapo programu inaiwasha ile biti ya mwaka 2006.

Sita, na hili ndilo kubwa kuliko yote, faili zihesabiwe kabla ya kuhamishwa na zihesabiwe tena baada ya kuhamishwa. Nakala ya asili isifutwe mpaka hesabu zilingane. Kama tungalihesabu siku ile, tungaliona upungufu wa faili mbili, na flashi ingalikuwa bado mikononi mwetu.

8. Hitimisho

Hatumlaumu mtumishi aliyeziondoa alama. Alifuata shauri lililokuwa na maana wakati wa majedwali mengi, na ambalo bado linarudiwa katika mafunzo mengi ya kompyuta. Tunachosema ni kwamba shauri hilo lilitolewa na watu ambao lugha yao haikupoteza kitu kwa kulifuata. Mwaka 1974 wanaisimu wa nchi hii walikutana hapa Lubumbashi katika semina yao ya kwanza ya kitaifa, na maandishi ya lugha zetu yalikuwa miongoni mwa mambo waliyoyajadili. Hawakuzijadili herufi hizo ili ziishie katika vitabu, kisha zifutwe mlangoni mwa kompyuta. Kila idara yaweza kuandika ukurasa mmoja wa kanuni na kuubandika ukutani, penye mashine zinazotumiwa na wanafunzi.

Faili iliyobaki katika kisa chetu tunayo hadi leo. Jina lake ni moto.wav. Kwa kuwa faili zilinakiliwa kwa mpangilio wa namba zake, ɔ ikija mwisho, sauti iliyomo ni ya neno la tatu: mzee anatamka mɔ́tɔ, moto unaounguza. Mtu wa Kiswahili akilisoma jina hilo, kisha akaisikiliza sauti na kuitazama maana, ataona kila kitu kimelingana. Hatakuwa na sababu yoyote ya kuuliza mtu na kichwa wako wapi.